Mwanza hadi Dar, treni au basi? Piga hesabu hadi shilingi ya mwisho

Mdogo wangu anayeishi Malampaka alinipigia simu akaniuliza swali ambalo nimeshaulizwa na nusu ya ukoo: "Kaka, kwenda Dar, treni shilingi ngapi na basi shilingi ngapi?" Nikamuuliza na mimi: unakwenda na nani, umebeba nini, na Jumatatu unatakiwa uwe umerudi kazini? Akacheka, akaona namzungusha. Sikuwa namzungusha. Nauli iliyoandikwa kwenye tiketi ni sehemu tu ya hela itakayokutoka, na wakati mwingine si hata sehemu kubwa. Nimekwenda Kariakoo kufunga mzigo wa duka mara nyingi kiasi kwamba nina daftari lake, na hesabu ninayoieleza hapa ndiyo iliyomo humo.

Chukua kalamu na karatasi. Ukimaliza kusoma utakuwa na safu tatu za namba, na utajua upande gani mwepesi kwa mfuko wako wewe, maana jibu langu na lako huenda yasifanane.

Hatua ya 1: Andika njia tatu, usiandike mbili

Watu hulinganisha treni na basi kana kwamba treni ni moja. Kwa anayetoka Mwanza ziko mbili, na zinatofautiana kama mtumbwi na meli.

Ya kwanza ni treni ya zamani, ile ya reli nyembamba ya mita moja. Reli ya Kati ilianzwa na Wajerumani Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Tawi la kutoka Tabora kuja kwetu likajengwa wakati wa Waingereza na kufika Mwanza mwaka 1928. Inapita Fela, Malya, Malampaka, Shinyanga, Isaka, Bukene, inaingia Tabora, na hapo mabehewa ya Mwanza yanakutana na ya Kigoma. Ni zaidi ya kilomita 1,200 hadi Dar, na safari inakula siku moja na nusu mpaka mbili. Haiondoki kila siku, kwa hiyo kabla ya jambo lolote uliza stesheni inaondoka siku zipi wiki hiyo na abiria wanashukia wapi upande wa pili.

Ya pili ni SGR, ile ya reli mpya iliyo pana zaidi, ya umeme. Abiria walianza kuipanda kati ya Dar na Morogoro Juni 2024, Dodoma ikafuata Julai 25, na tarehe 1 Agosti 2024 Rais Samia akaizindua rasmi. Kipande chetu cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukihesabu na njia za kupishania, kiliwekewa jiwe la msingi pale Fela Juni 14, 2021, na bado ni kazi ya ujenzi. Kwa hiyo mtu wa Mwanza anaidandia SGR Dodoma.

Safu zako tatu ni hizi basi: basi mwanzo mwisho, treni ya zamani mwanzo mwisho, na mchanganyiko, yaani basi hadi Dodoma halafu SGR.

Hatua ya 2: Tafuta nauli kwa kilomita

Ukifika stendi ya Nyegezi hapa Mwanza hujui bei, utaambiwa bei. Mpiga debe anakusoma viatu kwanza. "Bosi, Dar? Siti ya dirishani imebaki moja." Ile moja imekuwa ikibaki tangu stendi ile haijajengwa upya.

Dawa yake ni kufika na namba yako kichwani. Nauli za mabasi ya mikoani zinapangwa kwa kilomita na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na kinachopangwa ni kiwango cha juu ambacho basi halipaswi kukivuka. Kushuka chini yake ni ruksa. Viwango vilivyoanza Desemba 2023 kwa barabara ya lami ni shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Viwango hubadilika mafuta yanapobadilika, kwa hiyo angalia vya siku unayosafiri. Hesabu yenyewe inabaki ileile.

Mwanza hadi Dar kwa kupitia Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro ni kama kilomita 1,150. Zidisha:

Daraja la kawaida: 1,150 × 48.47 = 55,740.
Daraja la kati: 1,150 × 67.84 = 78,016.

Fanya hivyohivyo kwa vipande. Mwanza hadi Dodoma ni kama kilomita 700, sawa na 33,929 kwa kawaida na 47,488 kwa daraja la kati. Dodoma hadi Dar ni kama kilomita 450, sawa na 21,811 na 30,528. Weka alama hapo kwenye 30,528, tutairudia.

SGR haina haja ya kuzidisha. Nauli iliyotangazwa ilipoanza ni shilingi 31,000 kwa treni ya kawaida Dodoma hadi Dar, na 13,000 Dar hadi Morogoro. Treni ya haraka na madaraja ya juu yana bei zake. Humu natumia ile ya kawaida.

Kwa treni ya zamani utauziwa kwa daraja: la kwanza kulala, la pili kulala, la pili kukaa, na la tatu. La tatu ndiyo nauli ya chini kuliko usafiri wowote wa umma utakaokutoa Mwanza hadi Pwani, na basi haliikaribii. Ukipanda hadi vitanda, tofauti na basi inapungua mpaka unaanza kujiuliza. Lakini kumbuka unanunua na kitanda, na kitanda cha usiku kina bei yake mjini.

Hatua ya 3: Ongeza mlango kwa mlango

Hapa ndipo watu wengi wanapojidanganya. Stesheni ya Mwanza iko mjini. Ukikaa Mabatini unaweza kwenda kwa miguu na begi lako kichwani. Stendi ya Nyegezi iko nje ya mji upande wa Shinyanga, na Nyamhongolo iko upande wa Musoma baada ya Igoma. Basi la alfajiri maana yake daladala hazijachanganya, ni bodaboda au bajaji, na bei ya saa kumi usiku si bei ya saa nne asubuhi. Uliza mapema basi lako linaanzia stendi ipi.

Ndugu zangu wa Sengerema na Geita, ninyi mna bahati mpya. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 19, 2025, na foleni ya kivuko imebaki hadithi. Tena hamna sababu ya kuingia Mwanza mjini halafu mtoke tena. Barabara yenu inakutana na ya Shinyanga pale Usagara. Kubalianeni na ofisi ya basi mpandie hapo, nauli ya kwenda na kurudi Nyegezi mmeiokoa.

Upande wa Dar mambo yanageuka. Basi linakushusha Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli iliyofunguliwa mwaka 2021. Kama unakwenda Kibamba au Kimara, umefika. Kama unakwenda Kariakoo, Temeke au Mbagala, bado una safari nyingine na mzigo mkononi. SGR inakushusha katikati ya jiji, Kariakoo ni pua na mdomo. Mimi nikienda kufunga mzigo hilo peke yake linaniokolea bajaji moja na saa nzima ya foleni. Andika namba yako, usiandike yangu.

Hatua ya 4: Chakula

Safari ya basi ni milo mitatu, na unakula pale dereva anapotaka. Hoteli zile za njiani wali nyama una bei ya njiani. Mimi naweka 5,000 kwa mlo, jumla 15,000, na maji. Kuchimba dawa ni bure porini, ila mahali pengine choo kina mhudumu na ndoo, kwa hiyo weka chenji mfukoni.

Treni ya zamani ni milo sita. Hapo ndipo nauli ndogo inapoanza kukukimbia kidogokidogo. Ila kuna namna mbili za kula kwenye treni. Ya kwanza ni behewa la chakula, unakaa kama mtu mwenye ofisi. Ya pili ni dirisha. Treni ikipunguza mwendo Saranda, utaona mabeseni yanakuja vichwani kabla hujawaona wenyewe: kuku wa kuchoma wamepangwa chali, wekundu wa pilipili, na yule mama anapokea hela kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshaingiza kuku dirishani. Usitoe noti ya elfu kumi kwa kitu cha elfu nne. Si kwamba ni wezi. Treni inaondoka akiwa bado anatafuta chenji, na mtakimbizana kwa macho tu.

Ukifunga chakula nyumbani hesabu inabadilika kabisa. Chapati kumi, mayai ya kuchemsha, sato wa kukaanga aliyekauka vizuri, chupa ya chai. Mama yangu hajawahi kununua chakula njiani hadi leo, na ndiyo maana kwake treni ni rahisi siku zote. Naweka 4,000 kwa mlo wa treni, jumla 24,000 kwa asiyefunga. Aliyefunga akate nusu au zaidi.

Hatua ya 5: Pima mzigo nyumbani, kwa mizani

Kwenye basi abiria ana haki ya kilo 20 bila malipo. Zaidi ya hapo unalipia, na kama hujui uzito wa mzigo wako, atakayejua ni konda, kwa jicho. Nakumbuka siku moja Nyegezi nimesimama na gunia la dagaa na begi. Konda wa basi moja alilisukuma gunia kwa ncha ya kiatu, likatikisika kidogo, akasema, "Hili elfu ishirini." Nikamwambia lina kilo thelathini na mbili, nimepima dukani kwa Mangi asubuhi, na begi lina nane. Jumla arobaini, nalipia ishirini. Akanyamaza, akalisukuma tena kama vile litamjibu. Tukamalizana kwa elfu saba na risiti. Bila ile namba ya mizani ningebaki kubembeleza.

Samaki ni kesi yake. Dagaa wakavu na kayabo vinakubalika kwenye buti ukivifunga vizuri, tabaka la nailoni ndani ya gunia, halafu kamba. Harufu ikianza kutembea ndani ya basi utashushwa wewe na mzigo wako, na abiria wenzako watapiga makofi. Samaki wabichi kwenye barafu usiwaweke kwenye basi la abiria. Wana magari yao.

Treni ya zamani ndiyo rafiki wa mwenye mzigo. Gunia la mchele, baiskeli, kitanda cha mbao, vyote vinapelekwa kwenye vifurushi na vipeto, vinapimwa kwenye mizani ya stesheni, unalipa kwa kilo na kupewa stakabadhi. Hakuna kubishana na kiatu cha mtu. Fika mapema, siku moja kabla ikiwezekana, na andika jina na namba ya simu kwenye mzigo kwa wino usiofutika.

SGR usiifikirie kwa magunia. Mizigo inapita kwenye mashine ya ukaguzi kama uwanja wa ndege, na treni imetengenezwa kwa mtu na mabegi yake. Kama una mzigo mkubwa na unataka SGR, tuma mzigo kwa lori au kwa basi la vifurushi, wewe upande mikono mitupu. Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo ninaowajua wanafanya hivyo wakati wa kurudi, nami nimeanza kuwaiga.

Hatua ya 6: Siku yako ina bei

Hii ndiyo hatua ninayoomba usiiruke.

Basi lina kikomo cha mwendo, kilomita 80 kwa saa, na lina kifaa kinachotoa taarifa likizidisha. Gawanya 1,150 kwa 80 unapata zaidi ya saa 14 hata kama halisimami popote. Weka mizani, vituo, chakula na matuta ya kila kijiji, utapata saa 16 hadi 18. Treni ya zamani inachukua zaidi ya mara mbili ya muda huo. Kwa maneno mengine, ukichagua treni ya zamani unatoa siku moja ya ziada kwenda, na nyingine kurudi.

Sasa jiulize siku hiyo ingekuingizia nini. Mwenye duka anajua faida yake ya siku. Fundi anajua kibarua chake. Mwajiriwa aliye likizo, mwanafunzi aliyefunga chuo, mzee aliyestaafu, hao siku yao ya ziada haina hasara ya shilingi.

Tuchukue mfano. Tuseme tiketi ya daraja la tatu umeipata kwa 28,000, nusu tu ya basi la kawaida. Usafiri wa mjini tuuweke pembeni kwanza.

Basi: nauli 56,000, chakula 15,000, jumla 71,000.
Treni: nauli 28,000, chakula 24,000, jumla 52,000.

Treni imeshinda kwa 19,000. Huyo ni mwanafunzi, apande treni na asiangalie nyuma. Mwenye duka anayepata faida ya 20,000 kwa siku aongeze hiyo siku moja ya ziada: treni inakuwa 72,000. Imepitwa na basi kwa buku moja! Tiketi iliyokuwa nusu bei imelingana na basi, na mgongo wake umekaa siku mbili kwenye kiti cha daraja la tatu. Lakini mwenye duka huyohuyo akiwa na mke anayebaki dukani, hasara ya siku inafutika na treni inashinda tena. Kwa hiyo swali la nauli likageuka kuwa nani anabaki dukani, jambo ambalo hakuna dirisha la tiketi litakalokuuliza.

Hatua ya 7: Hesabu watoto mmoja mmoja

Kwenye basi, kiti ni kiti. Mtoto akikaa kitini unalipia kiti. Akipakatwa hulipi, lakini kumpakata mtoto wa miaka saba kutoka Mwanza hadi Mbezi ni adhabu kwa wote wawili, na kwa jirani yenu.

SGR walitangaza utaratibu tofauti: chini ya miaka 4 bure, na kuanzia miaka 4 hadi 12 nusu nauli. Kwa hiyo mtoto analipa 15,500 Dodoma hadi Dar. Chukua mama mwenye watoto wawili, mmoja miaka 7, mwingine 10. SGR ni 31,000 na 15,500 mara mbili, jumla 62,000. Basi la kawaida kwa viti vitatu kipande hichohicho ni 65,434. Mama peke yake angelipa zaidi kwenye SGR. Akiwa na watoto, treni ya umeme inakuwa chini ya basi la kawaida. Shemeji yangu hakuamini mpaka tukaandika kwenye karatasi ya unga.

Hatua ya 8: Jaribu mchanganyiko

Sasa turudi kwenye ile 30,528. Ndiyo nauli ya basi la daraja la kati Dodoma hadi Dar. SGR ni 31,000. Tofauti yake ni shilingi 472, haifiki hata jero, na kwa tofauti hiyo unabadilisha saa saba au nane za barabarani kwa chini ya saa nne za reli.

Ziweke safu kamili kwa mtu mzima mmoja:

Basi la kawaida mwanzo mwisho 55,740. Kawaida hadi Dodoma halafu SGR 64,929.
Basi la kati mwanzo mwisho 78,016. Kati hadi Dodoma halafu SGR 78,488.

Kwa hiyo anayepanda daraja la kawaida anaongeza kama 9,200 kwa kuhamia SGR, na aamue kama saa nne zilizookolewa zinamfaa kwa bei hiyo. Anayepanda daraja la kati haongezi kitu cha maana. Sioni kwa nini aendelee kubanana na malori ya Gairo, isipokuwa kama anakwenda Mbezi yenyewe au ana mzigo.

Lakini mchanganyiko una mtego, nao ulininasa kwa miguu miwili. Nilipanda basi la asubuhi Mwanza nikapanga kuiwahi treni ya jioni Dodoma, nikajiachia nafasi ya saa moja na nusu. Tukapata pancha baada ya Shelui. Tukapata nyingine kabla ya Singida. Nilipofika Nanenane, stendi ya mabasi ya Dodoma, na kuruka kwenye bajaji, dereva aliangalia saa kwenye simu yake, akazima injini taratibu. "Bro, nikupeleke gesti?" Chumba elfu ishirini na tano, chipsi mayai elfu tatu, na safari ikaanza upya kesho yake. Ile faida yote ya mchanganyiko ililala gesti pamoja na mimi. Kosa halikuwa la basi wala la treni. Pancha ni sehemu ya barabara. Nilipanga vibaya mwenyewe.

Tangu siku hiyo nafanya hivi. Mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku tangu Oktoba 2023, kwa hiyo napanda linalotoka Mwanza jioni, nalala kitini, nafika Dodoma asubuhi, na nakata treni ya mchana badala ya ile ya kwanza. Hata likichelewa saa nne bado nipo. Kati ya Nanenane na stesheni ya SGR kuna nauli ya bajaji. Iandike kwenye safu. Kusubiri kwenye stesheni yenye viti na choo safi hakugharimu kitu.

Kwa kurudi ni kinyume: treni kwanza, basi baadaye. Treni ikishafika Dodoma, mabasi ya Mwanza yanayotoka Dar yatapita, ila siti za njiani hazina uhakika. Piga simu ofisi ya basi siku mbili kabla, uwekewe siti ya kupandia Dodoma, na ulipie Dodoma hadi Mwanza tu. Wengine watataka ulipe ya Dar nzima. Hapo ndipo zile kilomita 700 zako zinapofanya kazi.

Hatua ya 9: Angalia mwezi

Masika na mvua za mwanzo wa mwaka, uliza hali ya njia kabla ya kukata treni ya zamani. Bonde la kati ya Kilosa na Gulwe mto umekuwa ukibomoa reli tangu zamani. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliifunga kabisa njia hiyo. Abiria akikwama, siku zinaongezeka, na unajua tayari siku zako zina bei gani.

Desemba mabasi yanajaa, na ulanguzi unaamka. Kata tiketi wiki mbili kabla, upate ya kielektroniki yenye jina lako, nauli na namba ya siti. Ukitozwa zaidi ya kiwango, tiketi hiyo ndiyo ushahidi wako LATRA. Aliyelipa mkononi kwa mpiga debe hana la kuonyesha.

Hatua ya 10: Kata tiketi

SGR inakatwa kwenye mtandao wa TRC, yaani Shirika la Reli, au dirishani, unapewa namba ya malipo unalipa kwa simu. Jaza jina kama lilivyo kwenye kitambulisho chako, NIDA, leseni, pasipoti au cha mpiga kura, na ukibebe. Fika saa mbili kabla. Lango likifungwa limefungwa, hakuna konda wa kumpungia mkono. Ada ya kutuma hela nayo iingie kwenye safu, hata kama ni ndogo.

Kisha jumlisha kila safu: nauli, mlango kwa mlango, chakula, mzigo, gesti kama ipo, siku ya kazi. Zidisha kwa idadi ya watu pale panapostahili, na ufanye tena kwa safari ya kurudi, maana unakwenda na begi moja na kurudi na matatu.

Mdogo wangu tulifanya naye hesabu kwenye simu hadi salio likakata. Treni ya zamani inasimama Malampaka kwao, kwa hiyo kufika stesheni kwake ni sifuri. Alikuwa na gunia la mchele la kumpelekea shangazi Temeke, kilo sabini, ambalo kwenye basi lingemla. Yuko likizo. Safu ya treni ilishinda kwa mbali, na nilimwekea 12,000 ya chakula kwa kuwa mkewe alimfungia viazi na maandazi.

Usiku wa pili nikapata ujumbe: "Kaka tumefika Saranda. Nimenunua kuku wawili. Niwaandike safu gani?"